Jipu Linalorudi Palepale Halitaki Kufichwa

Mdogo wangu wa Pongwe, swali lako nimelisoma polepole kwa sababu najua lilivyokuwia vigumu kuliandika. Unasema kwapa la kushoto linatoa jipu tangu ulipomaliza kidato cha nne. Linavimba, linauma hadi usingizi hauji, linapasuka, unashukuru Mungu, kisha baada ya wiki chache linarudi. Sasa na la kulia limeanza, na kinenani kumeota jingine. Umenyweshwa mwarobaini, umeambiwa una damu chafu, shoga yako mmoja amekuambia ni husuda, na kwenye harusi ya binamu yako ulikataa kushona sare kwa kuwa mtindo ulikuwa wa mikono mifupi. Mama hajui. Mchumba ndiyo kabisa.

Nakujibu wewe, lakini nataka na wengine wasome, maana wasichana na wanawake wanaoteseka na jambo hili kimyakimya ni wengi kuliko wewe unavyodhani. Na wanaume pia wamo, waendesha bodaboda wanaokaa juu ya kiti cha moto kutwa nzima, na vijana wa viwandani na machimboni wanaotokwa jasho ndani ya ovaroli.

Kwanza tuliondoe hili la damu chafu, kwa sababu ndilo lililokupotezea miaka. Jipu halianzii kwenye damu. Linaanzia kwenye ngozi, pale unywele unapochomoza. Damu yako husafishwa na ini na figo mchana na usiku bila msaada wa chupa ya dawa ya mitishamba. Wala si uchafu: msichana anaoga mara tatu kwa siku kwa joto hili la Tanga na bado anapata. Aliyekuambia hujisafishi amekuonea, na ninakuomba usiendelee kujisugua kwa dodoki na sabuni ya unga kana kwamba unaitoa dhambi. Kusugua kunazidisha.

Sasa tutofautishe, kwa kuwa si kila kinachovimba ni kitu kimoja.

Jipu la kawaida huletwa mara nyingi na bakteria aitwaye stafilokokasi. Bakteria huyu tunaishi naye. Karibu mtu mmoja kati ya watatu humbeba puani bila kuumwa chochote. Anapopata mkwaruzo, au shina la unywele lililochubuka, huingia, mwili unapambana naye, na usaha hujikusanya. Linaweza kumtokea yeyote, popote penye nywele, na likishatoa kiini linakauka na stori yake imekwisha.

Hilo la namna hiyo, likiwa dogo, unaweza kulihudumia nyumbani. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka mkono uvumilie, chovya kitambaa safi, kamua, kisha likande kwa dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku. Kukanda kwenyewe ndiko dawa: damu inakuja kwa wingi, jipu linaiva na kutoa kichwa lenyewe. Likipasuka, osha kwa maji safi na sabuni laini, funika kwa bandeji au kitambaa safi, badilisha kila siku. Kitambaa ulichokandia kifuliwe kwa maji ya moto na kianikwe juani. Nawa mikono kabla na baada. Taulo lako liwe lako, wembe wako uwe wako. Khanga moja ya kujifutia nyumba nzima ndiyo inayompeleka bakteria kutoka kwa mtoto hadi kwa bibi.

Na hapa nitasema kwa sauti ya dada mkubwa: usilikamue! Usilitoboe kwa sindano ya kushonea hata kama umeichoma moto, wala usimpe mtu alikate kwa wembe. Ukiliminya kabla halijaiva, usaha unasukumwa ndani badala ya nje. Yale ya usoni ndiyo yanayonitisha zaidi, hasa ya puani na kwenye mdomo wa juu, kwa sababu mishipa ya damu ya sehemu hiyo ina njia ya kuelekea kwenye ubongo. Vilevile acha kupaka dawa ya meno, majivu, mafuta ya breki, au unga wa kapsuli uliyoifungua. Zile krimu za kuchanganya za kung'arisha ngozi, nyingi zina steroidi, na steroidi huinyima ngozi nguvu ya kujilinda. Ukipaka kwenye jipu unalisaidia jipu.

Kuna na kitu kingine kinachofanana na jipu ambacho watu wa pwani tunapaswa kukijua. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, hasa zilizoanikwa chini ya mti au kutandazwa kwenye majani na mchanga. Ukiivaa nguo hiyo, kifunza kinaingia kwenye ngozi na kukua humo kwa siku 8 hadi 12. Utaona uvimbe unaowasha na kuchoma, una tundu dogo katikati, na pengine unahisi kitu kinacheza. Watoto wachanga hupata mno kwa sababu ya nepi. Mafuta mazito ya kujipaka yakiziba lile tundu, kifunza hukosa hewa na kujitokeza, na mhudumu wa zahanati atakitoa bila shida. Kinga yake ni kuanika kwenye kamba, juani, na kupiga pasi kila nguo mpaka kwenye mishono. Bibi zetu waliokuwa wakipiga pasi ya mkaa hata khanga za kulalia walikuwa wanajua wanachokifanya.

Turudi kwako. Swali nililotaka kukuuliza ni la wembe. Sisi wa pwani tunaondoa nywele za makwapani na za siri. Ni usafi tuliofundishwa na makungwi, na kwa Waislamu ni suna isiyopaswa kupitisha siku 40. Siwezi kukuambia uache. Lakini namna tunavyoondoa ndiyo inayotuumiza. Wembe mkavu, unaotumika na dada watatu, unapitishwa kinyume na nywele zilivyolala ili ngozi iwe laini kabisa. Nywele zetu zimejikunja. Zikikatwa chini sana, ncha inajipinda na kurudi ndani ya ngozi, na ngozi inaipiga vita kama mwiba. Ndivyo vipele vile vyenye maumivu, na ndivyo videvu vya kaka zetu vinavyoharibika pia.

Kama wembe ndio unaoutegemea, lowesha kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni, tumia wembe mpya na mkali ambao ni wako peke yako, fuata nywele zinakoelekea, usivute ngozi, na usirudie mara mbili mahali pamoja. Bora zaidi ni mkasi mdogo au mashine ya kunyolea, inayoacha nywele fupi kidogo. Kunyonyoa kwa sukari iliyochemshwa au kwa nta kunaweza kuvunja unywele ndani na kuleta balaa lilelile, kwa hiyo mwenye majipu ya kurudi asinyonyoe. Na penye kidonda au uvimbe usiguse kabisa mpaka papone.

Lakini mdogo wangu, kwa ulivyoeleza, sidhani kwamba wembe peke yake ndio ulioleta haya. Uvimbe unaorudi palepale, makwapani, kinenani, chini ya matiti, baina ya mapaja au kwenye makalio, mara 2 au zaidi ndani ya miezi 6, unaoacha makovu kama kamba au matundu yanayotoa maji yenye harufu, una jina lake. Unaitwa hidradenaitisi sapurativa; madaktari hufupisha na kusema HS. Andika herufi hizo mbili kwenye karatasi, utazihitaji.

Ugonjwa huu si mpya na si wa Pongwe. Mfaransa Aristide Verneuil aliuandika mwaka 1854 akidhani unatoka kwenye tezi za jasho. Leo inajulikana kwamba unaanzia kwenye kishimo cha unywele: kinaziba, kinapasuka chini kwa chini, na kinga ya mwili inakurupuka na kupigana kupita kiasi. Kila ukirudia, njia nyembamba huchimbika chini ya ngozi kutoka jipu moja hadi jingine, mithili ya mashimo ya fuko shambani. Ndiyo maana unalikamua hapa na usaha unatokea pale. Huanza baada ya kuvunja ungo, mara nyingi kabla ya miaka 30. Takwimu za Marekani zinaonyesha watu weusi wanaugua zaidi kuliko weupe, na huko na Ulaya wanawake ni wengi kuliko wanaume. Kwa wagonjwa wengi yuko ndugu wa damu mwenye shida hiyohiyo, kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba shangazi yako aliyekuwa havai gauni la mikono mifupi hakuwa na maringo.

Hauambukizi. Narudia kwa ajili ya mchumba wako, na kwa ajili ya mama mkwe siku ikifika: hauambukizi kwa kulala pamoja, wala kwa kula pamoja. Si ugonjwa wa zinaa. Haumzuii mtu kuolewa wala kuzaa. Kinachouchochea ni msuguano, jasho, uzito mkubwa na sigara. Nguo za kubana za kitambaa kisichopitisha hewa ziache. Dera la pamba na chupi ya pamba isiyobana kwenye mapaja ni nafuu kubwa, hasa kuanzia Desemba hadi masika yanapoingia Machi. Manukato ya makwapani yanayochoma, pumzisha ngozi nayo. Kama umeongezeka uzito, kupungua hata kidogo husaidia, lakini asikudanganye mtu kwamba unene ndio uliokuletea. Wembamba nao wanaupata.

Jambo linalonisononesha ni muda unaopotea. Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba mgonjwa wa HS hukaa kwa wastani miaka 7 hadi 10 tangu uvimbe wa kwanza hadi anapotajiwa ugonjwa wake, na hizo ni pamoja na nchi zenye madaktari wa ngozi kila mji. Sisi tunaongeza yetu: aibu, kisha duka la dawa. Unaingia, unasema nina jipu, hunyanyui mkono kulionyesha, unapewa amoksilini za siku mbili kwa kadiri ya pesa uliyonayo, unapoa kidogo, unaacha. Mwezi ujao tena. Stafilokokasi wengi wameshaizoea amoksilini na hawaijali. Na hata dawa iliyo sahihi haiwezi kuingia vizuri kwenye mfuko wa usaha. Jipu kubwa lililoiva linataka kupasuliwa na mtaalamu kwa ganzi na vifaa safi, na mara nyingi likishapasuliwa halihitaji kingine. Nusu dozi hizo zinawafunza bakteria usugu, na siku utakapougua kweli utazikuta dawa hazifanyi kazi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hili ni mojawapo ya mambo waliyokuwa wakiyasema.

Kwa hiyo unaanzia wapi? Anzia hapohapo Pongwe, kwenye kituo cha afya. Huhitaji kupanda gari kwenda mjini kwanza. Omba mhudumu wa kike kama ndivyo utakavyokuwa na amani, hiyo ni haki yako. Onyesha makwapa yote mawili na kinena, makovu ya zamani na uvimbe mpya, hata kama siku hiyo hakuna kilichoiva. Kama una simu yenye kamera, piga picha siku jipu linapokuwa kubwa, uende nazo. Andika tarehe za kila linapotokea, na kama linakuja karibu na siku zako za hedhi andika pia, kwa sababu wanawake wengi wenye HS huona hivyo.

Utapimwa sukari. Usikatae, hata kama una miaka 20. Majipu yasiyokwisha huwa ndiyo tarishi wa kisukari kwa watu wengi ambao hawakujua wanacho. Utashauriwa kupima Virusi vya Ukimwi, kipimo ambacho hakilipiwi katika vituo vya serikali. Kinga ikishuka, ngozi ndiyo hulalamika mapema. Kukubali kipimo si kukiri kitu. Wakikuta majipu ya kawaida yanayozunguka familia nzima, wanaweza kuwapa dawa ya kupaka puani kwa siku 5 na sabuni ya dawa ya kuogea, na hapo ni lazima nyumba nzima mfanye kwa wakati mmoja, la sivyo mtarudishiana.

Wakiona ni HS, matibabu yake ni marefu. Hapa nataka uelewe vizuri ili usije ukakata tamaa wiki ya pili. Aina za antibayotiki zinazotumika, kama doksisaiklini, hutolewa kwa wiki kadhaa, kwa kawaida hadi 12. Zinapewa muda huo kwa sababu zinatuliza uvimbe wenyewe, mbali na kuua bakteria. Doksisaiklini haifai kwa mjamzito, kwa hiyo ukihisi una mimba sema. Wakati mwingine daktari huchanganya klindamaisini na rifampisini. Hiyo ya pili ni dawa ya kifua kikuu, na kwetu lazima mtu ahakikishwe hana kifua kikuu kabla ya kuitumia. Pia itaubadilisha mkojo wako uwe wa rangi ya chungwa, na inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti. Mwambie mtoa dawa kile unachotumia, usione haya. Zikishachimbika zile njia chini ya ngozi, vidonge havizifukii. Mtaalamu huzifungua au kuikata sehemu nzima iliyoharibika, na hiyo ni kazi ya hospitali.

Kituo kitakupa rufaa kwenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu. Ukihitaji kwenda mbele zaidi, barabara ileile inayopita Pongwe kwenda Segera ndiyo ya kukufikisha Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, ambako tangu 1992 kuna kituo cha kanda cha kufundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi. Wanafunzi hutoka nchi nyingi za Afrika kuja kujifunza pale. Ni safari ndefu na nauli si ndogo, nalijua hilo, kwa hiyo chukua rufaa yako iliyoandikwa, kadi ya bima kama unayo, na ile karatasi yako ya tarehe, usije ukarudishwa kwa kukosa kipande cha karatasi.

Nisije nikasahau, zipo hali ambazo hazisubiri kukanda wala kuandika tarehe. Homa na kutetemeka. Uvimbe unaotambaa haraka, ngozi ikiwa ngumu na ya moto. Kwa weusi wetu, wekundu hauonekani vyema; tumia mgongo wa kiganja kuhisi joto. Jipu la usoni linalofumba jicho, au la kwenye uti wa mgongo. Jipu kwa mtoto mchanga, kwa mwenye kisukari, kwa mjamzito. Jipu la ziwa kwa anayenyonyesha, ambaye aendelee kunyonyesha huku akienda kutibiwa. Lolote lililokaa wiki 2 bila kupona. Hizo zote ni za kwenda siku hiyohiyo.

Mitoki nayo ina habari zake. Uvimbe mgumu wa kinenani wenye homa unaweza kutokana na kidonda cha mguuni, unaweza kuwa ugonjwa wa zinaa, na watu wa Lushoto wenye umri wanakumbuka tauni iliyoanza kwao mwaka 1980 na kuwasumbua kwa miaka mingi, ambayo dalili yake ilikuwa mtoki wa namna hiyo. Tezi za shingoni au kwapani zinazovimba bila kuuma kwa majuma, mtu akikonda na kutoka jasho usiku, zinataka kipimo cha kifua kikuu. Kukanda hakusaidii hapo.

Mama zangu wenye mabinti, nina neno nanyi pia. Binti akianza kukataa sare za mikono mifupi, akijifungia kuoga muda mrefu, akitembea mapaja mbalimbali, msimkemee. Muulizeni kwa upole, faraghani, kama kuna mahali panapouma. Ugonjwa huu ukishikwa mapema, kabla makovu hayajakamata kwapa na kuzuia mkono kunyanyuka, unatulizwa. Ukiachwa miaka 10, unakuwa kazi ya kisu. Na huzuni inayoambatana nao ni kubwa: wapo wanaoacha shule, wanaoacha kazi, wanaovunja uchumba wenyewe kabla hawajaulizwa. Kumwambia mtu wa namna hiyo aoge vizuri ni kumuongezea ugonjwa wa pili.

Na wewe mdogo wangu, mwambie mama leo. Asubuhi mfuatane naye mpaka kituo cha afya, na ukifika mbele ya mganga usiseme una jipu. Sema hivi: "Uvimbe huu unarudi palepale tangu nilipomaliza shule, umeacha makovu, naomba nipimwe sukari na niangaliwe kama ni HS." Akiharakisha kukuandikia vidonge bila kutazama, nyanyua mkono umuonyeshe. Kisha niandikie uniambie walivyosema.